Siku Niliyojichoma Chanjo ya Ng'ombe Mbele ya Mkwe

Leo nacheka, lakini nawaambia jamani, siku ile pale Kasokola ningeona shimo la panya ningeingia. Ilikuwa miaka ya tisini, homa ya mapafu ya ng'ombe imeingia Mpanda, na mimi ni bwana mifugo mpya, buti zinang'aa (za kuazima), nimepangiwa kuchanja, na aliyetangulia kwenye foleni ni Mzee Mabula, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, ambaye nilikuwa nimeshapeleka posa kwa binti yake Kabula na nasubiri jibu tu.

Kazi yangu ilikuwa ndogo, kusema hii ni chanjo, inachomwa mkiani, basi. Ila tulikuwa tumetoka semina mjini, na mtaalamu mmoja alitugusia kwamba huko maabara kubwa wameanza kubadili vinasaba vya bakteria anayeleta magonjwa ya mifugo, wanaondoa kile kinachomfanya awe mkali, anabaki hai lakini hadhuru. Neno vinasaba lilinikolea kweli. Nikajiambia leo mkwe atajua anamwoza binti kwa msomi.

Nikapanda juu ya gogo, nikaanza kuwahubiria wafugaji. Nikaona vinasaba haviwaingii, nikatafuta mfano wa karibu, nikasema bakteria aliyemo kwenye chupa ni mzima ila wamemhasi, ni kama maksai, yupo lakini ukali umekwisha. Mambo ya kuhasi wanayajua kuliko mimi, wakaufikiria ule mfano mpaka mwisho wake.

Mzee Mabula akauliza taratibu, "Sasa mwanangu, huyo aliyehasiwa akiingia kwenye dume langu, si ataliambukiza huko kuhasiwa?"

Hapo ningesema hapana nikanyamaza. Mimi nikasema lileteni hilo dume, nalichanja mbele yenu (sifa hizo!). Likaletwa, likabanwa kwenye kizuizi cha mbao, nikashika mkia, macho nimeyapeleka kwa watu nione wanavyonitazama, dume likapiga teke mbao, mkono ukaruka, sindano ikazama kwenye paja langu mwenyewe, juu kabisa, jirani na pasipotajwa, na dawa yote ikaingia.

Mzee Mabula akaniangalia, akaliangalia dume, akaniangalia tena.

"Na ile posa?" akasema.

Uwanja mzima ukaangua kicheko, mpaka wachungaji wakaachia ng'ombe wakaingia kwenye mihogo ya watu. Daktari wa mifugo, bosi wangu, akaja mbio, akanisafisha kidonda, akaniamuru niende hospitali nikaangaliwe, kisha akawaeleza watu kwamba chanjo hii wala haijaguswa vinasaba, ni ya njia ya zamani, mdudu anaoteshwa na kuoteshwa tena mpaka anadhoofu, na hahasi mtu wala ng'ombe. Akaniuliza habari za kuhasi nimezitoa wapi.

Mzee alimsikiliza vizuri. Akasema ng'ombe wote wachanjwe, homa haina utani. Halafu akanigeukia mimi. "Dume litachomwa, na wewe umeshachomwa. Likizalisha, tutaongea."

Mshenga wangu alimbembeleza, wapi. Basi nikawa mchumba wa kusubiri ng'ombe abebe mimba, na mnajua mimba ya ng'ombe haina haraka kuliko ya mtu. Kila nikipita Kasokola wananisalimia kwa kuniuliza dume linaendeleaje. Kabula aliniambia wazi kwamba anaona aibu hata kwenda kisimani, na iliniuma, kwa sababu yeye hakuhubiri chochote juu ya gogo.

Masika yaliyofuata ndama wa lile dume akazaliwa, mzee akaja ofisini na baiskeli, akaniita mbele ya wenzangu wote, akasema limezalisha, leta wazee wako.

Nimeapa sitoi tena mfano ambao sijui utaishia wapi. Mfugaji akiniuliza ndani ya chupa kuna nini, namwambia ni kinga, na macho nayaacha kwenye sindano. Tulipopata mtoto wa kwanza Mzee Mabula alimpokea, akamgeuza huku na huku, akamrudisha kwa mama yake.

"Sawa," akasema. "Ile chanjo ni nzuri."