Nilimchimba simbilisi wa Mama nikidhani ana funza. Soma kabla hujashika sindano

Wakuu, salamu kutoka Matisi, hapa Kitale. Mnicheke mkitaka, lakini msiseme natunga. Haya yamenipata mwenyewe mwaka huu, na aliyeumizwa na ujuaji wangu yuko jikoni sasa hivi anatafuna majani.

Anaitwa Nekesa. Ni guinea pig, simbilisi kwa Kiswahili cha shuleni, wa rangi ya kahawia na doa jeupe puani.

Si wangu. Ni wa Mama.

Mama anaishi Naitiri, peke yake tangu Baba afariki. Jikoni kwake simbilisi wamejaa, wanalala kwenye nyasi kavu, na anaongea nao kutwa nzima. Alipokuja kwangu kutibiwa goti, ng'ombe na kuku aliwaachia jirani bila neno. Lakini Nekesa, Mama alikataa kumwacha. Alimleta kwenye kikapu, amemfunika leso.

Sasa mimi ni fundi wa nguo na nyumba yangu ina tiles. Simbilisi adondoshe vinyesi kwenye tiles zangu? Hapana.

Nikatengenezewa cage safi ya waya, na chini pia waya, ili uchafu upite uangukie trei. Niliipenda hiyo cage mpaka nikaiweka status.

Mama aliitazama akasema tu, "Ni nzuri. Lakini atalala wapi?"

Nikamwambia mnyama hulala popote.

Baada ya wiki kama sita Nekesa akaanza kupoa. Zamani akisikia mfuko wa mboga ukichakacha alipiga kelele nyumba nzima ikajua. Sasa kimya. Anakaa kona moja, anainua mguu huu, anaushusha, anainua ule.

Nikamgeuza. Katikati ya wayo wa mbele kulikuwa na uvimbe mwekundu, ngozi inang'aa, na juu yake kidoa cheusi.

Wakuu, mtu aliyekulia Naitiri akiona uvimbe wenye kidoa cheusi mguuni hahitaji kuambiwa. Hiyo ni funza. Na mimi nilikuwa mtoa funza wa boma letu. Watoto wa majirani waliletwa kwangu nikiwa darasa la sita, kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Leo sindano ndiyo inanilisha. Nani angenifundisha?

Mama alijaribu, polepole. "Mimi sijaona funza inakaa hapo katikati kwa hii mnyama."

"Mama, wewe tulia. Hii kazi naijua."

Nikachoma sindano kwenye moto, Mama akamshika, nikachimba. Funza hakutoka. Ilitoka damu. Nikasema yuko ndani zaidi, nikachimba tena. Nekesa alilia kilio ambacho sikujua mnyama mdogo vile anacho. Nikamalizia na mafuta ya taa kidogo, kama tulivyofanyiwa utotoni.

Naandika hii sehemu nikiona aibu.

Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba na unanuka. Nekesa hali chochote. Mama alikaa kando ya cage mkono wake ukiwa ndani, haongei naye, haongei nami, na chai yake ikapoa mezani.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nakaribia kumuulia Mama mwenzake wa pekee aliyekuja naye.

Na bado sikukoma, ati! Nilikuwa nimeshika kapsuli za amoxicillin zilizobaki nilipoumwa jino, nataka kumgawia robo. Mteja aliyekuja kuchukua sketi yake akanishika mkono. Akaniambia kuna daktari wa mifugo Bungoma anayefuga sungura na simbilisi kwake. Tulifika huko kabla ya saa sita mchana, Mama amempakata kikapuni.

Daktari alimgeuza, akanusa mguu, akauliza, "Nani alichimba hapa?"

Nilifungua mdomo, lakini Mama akanitangulia.

"Ni mimi, daktari."

Akasemwa. Kwa upole, lakini akasemwa, mtu mzima wa umri ule, na mimi fundi hodari nimesimama hapo mikono nyuma.

Sasa sikilizeni nilichofundishwa, maana sitaki mwingine arudie ujinga wangu.

Ile haikuwa funza. Ni kidonda cha nyayo, Waingereza wanaita bumblefoot. Huletwa na sakafu ya waya au sakafu ngumu, mkojo usiokauka, unene, na kucha ndefu zinazomfanya akanyage vibaya. Huanza kwa wekundu na ngozi kung'aa. Halafu uvimbe, halafu gaga jeusi katikati, lile nililoliita kichwa cha funza. Ukimkamata kwenye wekundu, kazi ni ndogo. Ukisubiri au ukichimba kama mimi, uchafu unaweza kufika kwenye mfupa.

Kuhusu zile kapsuli, daktari aliniambia wazi: ningempa, huenda ningefika Bungoma na maiti. Dawa za jamii ya penicillin zinaua wadudu wazuri wa tumbo lake. Usimpe dawa yako, wala ya kuku.

Kucha nazo zikijikunja hadi zinaingia kwenye nyama, kata ncha tu. Ndani kuna mshipa wa damu. Kama kucha ni nyeusi, mulika tochi ya simu uuone.

Akichechemea bila kidonda chochote, angalia kama kidole kimenasa kwenye waya kikavunjika. Au amekosa vitamini C, maana mwili wake hauitengenezi kama wetu usivyoitengeneza, na viungo vinamuuma. Mpe pilipili hoho na sukuma wiki kidogo kila siku. Akijikuna mpaka manyoya yanatoka na ngozi ina magamba, hao ni utitiri, mpeleke kwa daktari.

Na kuna ngozi ngumu inayochomoza pembeni mwa wayo wa mbele, unaweza kudhani ni kucha ya ziada. Haiumi, haina shida. Pia vidole vya mbele ni vinne kila mguu, vya nyuma vitatu. Mimi nilikuwa nimehesabu nikalia kimoyomoyo kwamba waya imekula vidole. Bana, ndivyo alivyoumbwa.

Nekesa akapewa dawa ya kidonda inayomfaa simbilisi, na ya maumivu. Sisi tukawa tunauosha mguu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, tunaukausha vizuri, tunafunga kitambaa. Cage ile nikaing'oa sakafu, nikaweka mbao, vitambaa laini vya dukani na nyasi kavu juu yake. Nyasi nabadilisha kila siku. Kidonda kilichukua karibu miezi miwili, lakini kimefunga. Mfuko ukichakacha anapiga kelele tena.

Jioni moja tukiufunga ule mguu nilimuuliza Mama kwa nini alijitwika kosa langu.

Akasema, "Mimi mtu mzee, nikisemwa inapita."

Nikauliza tena, na siku ile ya sindano, kama alijua si funza, kwa nini hakuninyang'anya? Mbona alimshika?

Alifunga kitambaa kwanza. "Hii nyumba ni yako. Mimi hapa ni mgeni. Nikikataa hii, nikakataa ile, kesho utasema nirudi Naitiri."

Wakuu, nililia mbele yake kama mtoto.

Kesho yake nilimpigia daktari nikamwambia mchimbaji alikuwa mimi. Akasema alijua, kwa sababu Mama alipokuwa akikiri, mimi ndiye niliyekuwa nimeficha mikono.

Somo ni hili. Kila wiki mgeuze simbilisi wako uangalie nyayo zote nne, na sindano uiache kwenye nguo. Mwenye uzoefu wa kidonda kama hiki aweke hapa chini alivyokitibu, na mwenye swali aulize, nitajibu ninachokijua, nisichokijua nitasema sikijui.

Na kama mzazi wako anakaa kwako, kabla hujaandika comment, nenda umuulize ni jambo gani aliloogopa kukukataza.