Bi Pua na Mafua Yake

Mwenye mafua hajazi mtungi. Sheria hiyo iliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa chumba cha kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa mitungini, na chini yake palikuwa na nyongeza iliyoandikwa kwa hasira zaidi: Akijaza, hajazi tena maisha.

Aliyeiandika ni mwenye duka mwenyewe, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kengele ya shule, ambaye mji mzima ulimwita Bi Pua. Hakulichukia jina hilo. Pua ndiyo iliyokuwa mtaji wake. Anayezama na mtungi mgongoni hupumua hewa iliyoshindiliwa ndani ya chuma, na hewa hiyo ikiharibika, macho hayakuambii kitu. Kwa hiyo kabla mtungi wowote haujatoka dukani, Bi Pua alifungua koki kidogo, akainamisha kichwa, akafumba macho na kunusa, kama mtu anayesikiliza umbea mlangoni kwa jirani. Kisha alisema "Nenda" au "Rudisha," na hapakuwa na rufaa.

Wateja nao walinuswa. Aliyenuka pombe ya jana alirudishwa. Aliyevuta kamasi alirudishwa pia, kwa sababu mafua huziba masikio, na masikio yaliyoziba huweza kupasuka chini ya maji. Alimrudisha mkuu wa polisi mbele ya walinzi wake. Alimrudisha kiongozi mmoja wa dini aliyeapa kwamba harufu ile ilikuwa ya dawa ya kikohozi.

"Basi kikohozi kikipona, karibu tena," alimwambia. "Na hiyo dawa uiache nyumbani, inakuyumbisha."

Duka halikuwa na la kutazama. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na jingine lenye vioo, samaki wa rangi ndani ya tangi, na msichana aliyelipwa kutabasamu. Kwa Bi Pua kulikuwa na benchi, bomba la kuoshea nguo za mpira, mapezi ya kuvaa miguuni yaliyopangwa kwa ukubwa kama watoto wa nyumba moja wanaosubiri kupigwa picha, na mume wake. Mume huyu alikuwa mnusaji wa ugoro tangu ujana, na pua yake ilikwisha kufa na kuzikwa zamani. Kazi yake ilikuwa kuwavalisha wateja na kuwachekesha. Chumba cha kompresa alipigwa marufuku hata kukichungulia. Watu walimwita Bwana Pua, kwa kumkejeli, naye aliitika kwa furaha.

Hata hivyo, waliojua maana ya kuzama walipita kwenye vioo na tabasamu wakaja kukaa kwenye lile benchi. Duka la uzamiaji huuza kitu kimoja tu, nacho ni kurudi juu.

Sheria ya ukutani ilikuwa imekwisha kumkata mtu mmoja, kaka yake Bi Pua. Kaka huyu ndiye aliyelijenga duka pamoja naye, akaibeba ile kompresa begani siku ya kwanza. Mwaka mmoja alijaza mitungi huku akipiga chafya. Bi Pua alipogundua, alifungua koki zote, akanusa, na hewa ilikuwa safi. Hata hivyo akamfukuza.

"Dada, si umenusa mwenyewe? Hewa si nzuri?"

"Nzuri kwa bahati. Mimi siuzi bahati."

Kaka akaenda kuuza magodoro mtaa wa pili, na tangu hapo walisalimiana kwenye misiba tu. Watu walisema Bi Pua ana roho ngumu. Hawakukosea, lakini wengi waliosema hivyo walikuwa wamezama kwake mara nyingi, na walikuwa bado hai kuyasema.

Ikafika siku ya binti yake. Binti alikuwa amechumbiwa, na baba wa mchumba alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu aliyekagua maisha yake yote na ambaye kustaafu hakukumponya. Alisema hatatoa ridhaa mpaka aione familia ikiwa kazini. Angekuja na mkewe na kijana wao, kutoka mji wa mbali, na wote wangezama.

"Mama, tafadhali," binti alisema. "Siku hiyo tu, usimtukane mtu."

"Mimi namtukana nani?"

"Mkuu wa polisi ulimwita pipa."

"Nilimpima mkanda. Lilikuwa jina la kipimo."

Asubuhi ya siku yenyewe Bi Pua aliamka kichwa kizito, pua imeziba pande zote mbili. Alijifukiza kwa maji ya moto, akatafuna tangawizi, akapenga kamasi mpaka masikio yakalia. Pua haikufunguka.

"Una mafua," mume wake alisema.

"Ni vumbi."

"Vumbi gani hilo linalotiririka?"

"Wewe na ugoro wako usinifundishe mambo ya pua!"

Akaingia chumba cha kompresa, akaipa sheria mgongo, akawasha mashine. Angeweza kumwita binti anuse badala yake. Lakini kumwita ni kukiri, kukiri ni kufunga duka siku hiyo, kwa kuwa tangu kaka aondoke hakuna mwingine aliyeruhusiwa kujaza, na kufunga duka ni kumrudisha mkaguzi kwao akiwa hajakagua kitu. Kwa hiyo alijaza.

Nyuma ya ukuta ule palikuwa na karakana ya seremala. Asubuhi hiyo ndani kwake kulijaa mbao, akahamishia kazi uani, na akawa anapaka vanishi milango ya kabati chini kabisa ya bomba ambalo kwalo kompresa ilivuta hewa. Siku nyingine yoyote Bi Pua angeinusa vanishi hiyo kopo likifunguliwa tu, na seremala angekimbizwa kwa fagio. Siku hiyo alifungua koki ya kila mtungi, akainamisha kichwa, akafumba macho, akanusa, asisikie kitu. Akasema "Nenda," akiwa peke yake chumbani.

Wageni wakafika. Mkaguzi alikuwa mrefu, mkavu, na kwa heshima ya siku ile alikuwa amejipaka manukato kwa kiwango cha kuogea. Mkewe alisimama upande wa upepo. Bwana Pua, ambaye pua yake haikuwa imesikia harufu kwa miaka mingi, alianza kutokwa na machozi.

Bi Pua alimsogelea mkaguzi, akajiinua kwa vidole vya miguu na kumnusa kama kawaida yake.

"Safi kabisa," alisema. "Mzee hunuki kitu."

Binti alimtazama mama yake, kisha akamtazama baba yake anayefuta macho.

"Mama, njoo kidogo."

Walipoingia chumba cha kompresa, binti alifunga mlango.

"Mama, yule mzee anafukuza nzi mpaka barabarani, wewe unasema hanuki kitu?"

"Nilikuwa na adabu."

"Tangu lini?"

Binti aliusogelea mtungi wa kwanza, akafungua koki, akanusa, na akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Mama, hii ni kabati."

Akafungua wa pili. Kabati. Wa tatu pia kabati. Bi Pua alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Tuseme injini ya boti imekufa," binti alinong'ona. "Tuwapeleke kula, watalala, kesho tutajaza upya. Nani atajua?"

Wazo lilikuwa zuri, na Bi Pua alilitaka kwa moyo wote. Aliutazama mlango. Kisha akayatazama maandishi mekundu, aliyoyaandika kwa mkono wake na kumsomea kaka yake neno kwa neno. Akasimama, akatoka.

"Mzee," alisema, "nina mafua. Nimewajazieni vanishi."

Mkaguzi alikunja mikono kifuani.

"Ulijua una mafua?"

"Nilijua."

"Na ukajaza?"

"Nikajaza."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kukurudisha, na umetoka mbali."

"Kwa hiyo ungetuua kwa heshima."

"Ndiyo, mzee. Heshima kubwa sana."

Bwana Pua akacheka. Alicheka peke yake, akaacha.

Mitungi yote ilitolewa uani ikafunguliwa koki. Ikapiga mluzi kwa pamoja, na harufu ikatanda mpaka seremala akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani ameiba vanishi yake. Mkaguzi alisimama hapo mpaka mtungi wa mwisho ulipokata mluzi. Ndipo akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeona kitu akiwa anapita:

"Na yale maandishi ya ndani, ni pambo?"

Bi Pua alivua ufunguo wa chumba cha kompresa shingoni mwake, akamvisha binti.

Alasiri hiyo alikwenda mtaa wa pili, kitambaa puani. Kaka yake alikuwa akipigapiga godoro mbele ya mteja.

"Kaka, nimejaza nikiwa na mafua."

Kaka alicheka mpaka akakaa juu ya lile godoro. "Nani amekufukuza?"

"Mimi."

"Alikuwa mkali sana yule mama."

"Rudi dukani, kaka. Nilikosea na wewe."

Alifuta machozi ya kicheko, akatikisa kichwa. "Hukunikosea. Nilikuwa na mafua kweli. Ila sirudi, dada. Hapa mtu akikosea, mteja anaumwa mgongo tu."

Mkaguzi alitoa ridhaa, akieleza kwamba familia iliyomwaga mitungi mbele ya wageni haina la kumficha. Yeye mwenyewe hakuzama kamwe, kwa Bi Pua wala kwingine. Binti aliolewa, na mume ndiye aliyehamia huku, kwa sababu ufunguo ulikuwa hapa.

Mafua yaliisha baada ya wiki, na pua ikarudi vilevile. Bi Pua hukaa benchini akipanga mapezi, na seremala akifungua kopo lake huinusa vanishi kabla ya mtu yeyote. Lakini hajajaza mtungi tena. Asubuhi ile ya aibu ilimgharimu kazi aliyoipenda kuliko zote, na kaka yake hakurudi.