Mshenga Kutoka Bulgaria

Mzee wa Kibulgaria aliyepanga chumba kwetu Mbinga mwaka jana alikuwa mshairi, mfasiri na, kabla ya kustaafu, balozi. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na umbea wangu haujifichi. Jioni ya kwanza tu nilimuuliza anaishije mtu mwenye kazi tatu kichwani. Akanijibu kwamba ujanani, akiwa ofisa mdogo ubalozini Dar es Salaam, alikunywa kahawa ya kwetu akajiahidi kuja kuiona mibuni yake. Swali langu alilipiga chenga. Nikajua hapo kweli pana balozi.

Niliendelea kumchimba. Kumbe vitabu vya washairi wengine alivyovitafsiri vinajaza kabati zima, na vyake mwenyewe ni viwili, tena vyembamba.

"Kila nilipokaa kuandika," alisema, "palikuwa na mtu mwingine wa kumsemea."

Jambo hilo lilinikaa kichwani. Ofisini anaisemea nchi, nyumbani anawasemea washairi. Yeye mwenyewe anasema lini?

Siku hizo mdogo wangu alikuwa amekonda kwa ajili ya binti wa Lipingo, kijiji cha ziwani. Mshenga wetu wa kwanza, baba mdogo, alikuwa ameharibu kila kitu kwa kumwambia baba wa binti kwamba mwanawe atapendeza zaidi akitoka kwenye joto na harufu ya usipa, dagaa wa huko ziwani. Sasa binti alikuwa ametuma ujumbe: baba yake atatusikiliza mara moja tu, na akikataa, yeye hatatoroka. Baba yetu akamtazama mpangaji wake.

"Si mnasema kazi yake ni kusemea watu?"

Basi tukashuka ziwani, mzee yule na mimi mkalimani wake, kwa sababu Kiswahili chake kilimtosha kuomba maji na kushukuru. Baba wa binti alitupokea barazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Mgeni wangu akaanza. Aliomba radhi kwa yaliyopita, akalisifu ziwa, akaieleza familia yetu kwa namna ambayo hata mimi nilitamani kuzaliwa humo. Nilitafsiri huku nikijivuna.

Mwenyeji wetu alisubiri tumalize.

"Mwalimu, hebu muulize. Yeye ana binti?"

Anaye. Ameolewa Kanada.

"Na siku anamtoa, moyo wake ulikuwaje?"

 Mzee wa Kibulgaria akasema, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba harusini alizungumza vizuri sana, watu wakampigia makofi. Aliporudi nyumbani alikwenda kukaa chumbani kwa binti yake, na alikaa humo muda mrefu. Alidhani maumivu yataisha. Hayajaisha.

Nilimkasirikia, sifichi. Mshenga gani huyu? Ndoa ya mdogo wangu ilikuwa kwenye ulimi wangu, na ningeweza kusema tu kwamba mzee alihuzunika kidogo, akazoea. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nadhani aliniona usoni.

"Sema hivyohivyo," akaniambia kwa Kiswahili.

Nikasema hivyohivyo, mpaka neno la mwisho.

Baba wa binti aliinama akawa anafuta mchanga miguuni, mguu mmoja, kisha mwingine.

"Wote waliokuja hapa," akasema, "walikuwa wananiambia nitafurahi."

Akamwita mkewe, akamwambia amlete binti.

Binti alitoka na kanga mabegani, macho chini. Akaulizwa mbele yetu, kwa desturi ya kuomba ridhaa yake, kama anatufahamu sisi wageni.  Akasema, ndiyo, anatufahamu, na papo hapo akaanza kulia.

Baba yake akamvuta akae karibu naye kwenye mkeka.

"Basi," akamwambia, "uwe unapiga simu."