Vimpira vya Sponji Mkononi mwa Bibi Harusi

Baudouin alikuwa fundi wa viti vya pikipiki pale Ngezi, mtaa mmoja wa mji wa Bunia. Wenye pikipiki walimletea viti vilivyochanika, naye akatoa sponji iliyooza, akakata mpya kwa kisu, akaifunika kwa plastiki nyeusi na kuishona. Vipande vilivyobaki alivikata kwa mkasi mpaka vikawa vimpira vya mviringo, akavitia rangi nyekundu. Mchezo wa vimpira hivyo alijifunza Butembo akiwa kijana, kwa mjomba wake aliyeuza dawa za minyoo sokoni na kuhitaji watu wasimame kwanza, wacheke, ndipo wanunue.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye uso wa msiba ambao haukubadilika hata alipokuwa akichekesha. Labda ndiyo maana watu walicheka sana. Mke wake Emérance aliuawa njiani, ndani ya lori lililoshambuliwa upande wa Komanda, na baada ya kumzika Baudouin alihamia Bunia, ambako hakuna aliyemjua. Jirani alipomwomba achekeshe wageni kwenye arusi, alikubali. Siku ya Jumamosi ndiyo iliyomlemea zaidi kukaa peke yake ndani ya nyumba.

Hivyo ndivyo alivyofika Saio, mtaa mwingine wa mji huo, kwenye arusi ya Fabrice na Sandrine. Baada ya chakula alimsogelea bibi harusi na kumwonyesha vimpira viwili.

"Huyu papa, huyu mama," alisema. "Tubafungie mulango."

Akaviweka kiganjani mwa Sandrine, akamkunja vidole. Akabisha hodi juu ya ngumi yake, akakohoa kama mgeni aliyekuja wakati mbaya, akangoja. Kisha akamwambia afungue polepole. Vimpira vidogo vidogo vikaruka kutoka mkononi, vikamwagika kwenye gauni jeupe mpaka chini. Watu walicheka hadi wengine wakashikilia meza. Mama Joséphine, mama yake Fabrice, aliokota kimoja akakiweka shavuni. "Mujukuu wangu," alisema, na machozi ya kicheko yakamtoka.

Mchezo ulipokwisha Baudouin aliviokota vyote, akavitia mfukoni, akaondoka.

Mimba ya kwanza ya Sandrine ilitoka. Ya pili ilifika karibu na kuzaa, na mtoto akazaliwa amekufa. Mama Joséphine hakuwa mwanamke mkatili, lakini alikuwa amekwisha kupoteza mengi. Ng'ombe wa mumewe waliishia vitani, na Fabrice ndiye mwana pekee aliyebaki. Akaanza kumuuliza Sandrine mbele ya watu kwao wanazaaga namna gani. Akamtengea sahani yake, ale peke yake jikoni. Fabrice alisikia yote. Jioni alikuwa akila kwa rafiki zake.

Ndipo wakampeleka Sandrine kwenye chumba cha maombi. Mwanamke aliyemwombea alimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumpa kitu mkononi kisha akakichukua tena. Mama Joséphine ndiye aliyekumbuka.

"Yule mutu ya Ngezi," alisema. "Alitoa batoto mu mukono yake, batu bote banaona. Kisha akabaweka mu mufuko, akaenda nabo."

Kuanzia siku ile Sandrine akawa mtu aliyedhulumiwa. Mama mkwe alimpikia uji wa mtama kwa mkono wake mwenyewe na kumwita mutoto yangu. Fabrice alianza kurudi mapema. Na huko Ngezi, wenye pikipiki wakaacha kuleta viti. Asubuhi moja Baudouin alikuta neno ndoki, yaani mchawi, limeandikwa kwa makaa mlangoni pake. Alilifuta kwa maji, likabaki doa jeusi. Kisha Alphonse, chef wa avenue ya kina Fabrice, yaani mkuu wa mtaa wao, akamtumia ujumbe aende Saio Jumapili, mambo yasemwe mbele ya familia.

Jumamosi mchana Sandrine alikuja kwenye karakana yake, amejifunika kitenge kichwani. Hakukaa.

"Papa Baudouin, kesho utabaonyesha namna inafanyika?"

"Nitabaonyesha. Miye siko ndoki."

"Najua. Siku ile uliminya mukono yangu, nikasikia bale badogo banaingia pamoja na bakubwa."

"Basi utanisaidia kusema."

Sandrine alitikisa kichwa. "Kama haiko weye, iko miye. Tangu banasema iko weye, ninakula na batu. Usibaonyeshe. Sema tu ulifanya bila kujua, uombe pardon. Bakuombee, mambo iishe."

"Batanipiga mawe, Sandrine."

"Chef atakuwa pale."

"Chef iko mutu moja."

Sandrine aliliangalia rundo la vipande vya sponji, kisha akaenda zake.

Baudouin hakulala vizuri, lakini asubuhi alikuwa ameamua. Alimwona Sandrine kila alipofumba macho, akila peke yake jikoni. Alivaa shati safi. Njiani kuelekea Saio alirudia moyoni maneno ya kuomba msamaha.

Uani kwa Mama Joséphine watu walikuwa wamejaa. Chef Alphonse alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Penye lango walisimama vijana ambao Baudouin hakuwajua, na mmoja wao alikuwa ameegemea tairi kuukuu. Miguuni pake kulikuwa na chupa ya petroli.

Chef alimwambia aseme. Baudouin alifungua kinywa, akaliangalia tairi, na mkono wake ukaingia mfukoni.

"Chef, nipe mukono," alisema.

Alifanya taratibu, kila mtu aone. Alionyesha vile vidogo vilivyokuwa vimebanwa kati ya vidole vyake tangu mwanzo, na jinsi sponji inavyojikunja hata mtu asijue anashika ngapi. Kwa mazoea alibisha hodi juu ya ngumi ya chef na kukohoa. Mtu mmoja huko nyuma alicheka, kisha akanyamaza.

"Rudia," alisema Mama Joséphine, akinyoosha mkono wake mwenyewe.

Alirudia. Mama Joséphine alikiminya kimpira kidogo, akakiachia, akakiminya tena.

"Iko sponji ya matelas ya kulalia," alisema taratibu. "Iko sponji tu."

Kisha aligeuka akamwangalia Sandrine, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Watu wote wakageuka naye.

Chef alisema neno limekwisha, fundi aende kwake kwa amani. Vijana waliondoka wakilisukuma tairi lao barabarani.

Haikupita juma, vitu vya Sandrine vikafungwa kwenye pikipiki, akarudishwa kwao, mtaa wa Rwambuzi. Fabrice hakutoka nje kumuaga.

Baudouin alikwenda Rwambuzi kumsalimia. Kaka yake Sandrine, Bruno, alisimama mlangoni akasema dada yake ametoka, na wakati huohuo Sandrine alikuwa akikohoa ndani. Viti vya pikipiki vilianza kuja tena. Mialiko ya arusi haikurudi, kwa kuwa siri ya vimpira ilikuwa imeenea mjini, na waliokuwa hawaijui waliogopa.

Walikutana sokoni baada ya msimu wa mvua. Sandrine alikuwa akiuza samaki wa chumvi na alikuwa amekonda.

"Nilikuja na maneno yako mu kinywa," Baudouin alimwambia. "Kisha nikaona ile tairi."

"Niliiona asubui, bakiileta," alisema Sandrine. Alipanga upya samaki wake. "Miye pia ningeonyesha."

Baudouin alitaka kusema jambo jingine, lakini Sandrine alimtangulia.

"Usikuje tena hapa, papa. Batu banaangalia."

Akamgeukia mama aliyekuwa akingoja, akamuuliza anataka wa ukubwa gani.