Kilabu Ambamo Baba Hakupewa Pombe

Nilipokuwa na miaka tisa nilivijua vilabu vinne vya pombe kwa majina ya wenyewe, ingawa mama yangu alikuwa Mwislamu wa Tanga, mwanamke aliyenawa mikono hata akiokota chupa tupu ya bia kwenye ngazi za ghorofa letu. Elimu hiyo niliipata kwa Baba, na nilidhani nimeisahau. Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini Sandton, Johannesburg, anayekwenda likizo Ireland, alinionyesha orodha ya baa za jadi za mji mmoja mdogo huko. Hii ina moto wa kuni, ile ina wapiga fidla, nyingine mwenyewe anakumbuka babu yako alikuwa akikaa kiti gani. Akaniuliza aanze na ipi. Ilikuwa Ijumaa, macho yananiuma kwa kutazama kompyuta, nikamjibu tu aanze na huyo anayekumbuka watu. Kisha nikapanda treni, na njia nzima sikuwa na mawazo mengine ila ya Gogo MaNkosi.

Baba alizaliwa katika mji mdogo ulio mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Johannesburg. Ulikuwa na barabara moja ya lami, kanisa, na maghala ya mahindi yaliyoonekana kutoka mbali kuliko kanisa. Akiwa na miaka kumi na tisa alitoroka akaenda kupigania uhuru. Akafika Morogoro, akakaa miaka kumi na sita, akamwoa Mama. Aliporudi, nikiwa bado nabebwa mgongoni, mama yake alikuwa amekwisha kufa na kuzikwa bila yeye.

Basi kila baada ya Jumamosi moja alikuwa anakwenda kule. Mama alimwekea sharti moja tu: aende na mimi.

“Ukiwa na mtoto utarudi jua halijazama,” alisema.

Nilikaa kwenye mabenchi ya watu wazima nikitikisa miguu. Kwa MaSithole pombe ilikuwa nzito na kali, watu walikunja uso kwanza ndipo wakasifu. Kwa mzee mmoja kipofu, mwenyewe alikujua kwa kishindo cha miguu yako kabla hujasalimu. Nyuma ya spaza, kiduka cha nyumbani kwa mtu, walikunywa akina mama wa kanisa, kwenye vikombe vya chai vyenye visahani, ili mchungaji akipita aone chai. Baba alikunywa kote huko. Na kote aliuliza jambo lile lile: nani alimjua mama yake, alikuwa anasema nini, alimtaja?

Kilabu cha nne kilikuwa cha Gogo MaNkosi. Gogo ni bibi kwa Kizulu, lugha ya kule. Mji mzima ulikubali kwamba hakuna kama yeye. Pombe yake ya mtama ilichukua siku tatu, hakuharakisha kwa sukari wala hamira. Uani kwake palifagiliwa hadi ardhi ikang’aa. Ukiingia unavua kofia, unakaa chini, naye anaonja kata ya kwanza mbele ya macho yako ili ujue hakuna sumu, ndipo kata inazunguka mkono kwa mkono. Alikuwa rafiki wa bibi yangu tangu usichana. Na ni yeye peke yake katika mji ule aliyemnyima baba yangu pombe.

Kata ilipomfikia Baba, Gogo aliichukua akampa mtu wa pili. Mimi nilipewa mageu, uji mchachu wa mahindi ambao Baba aliuita togwa la huku. Yeye alikaa mikono mitupu.

“Mwanangu,” Gogo alimwambia, na nilimsikia akirudia maneno hayo mara nyingi, “mtu aliyetoka safari ndefu anaanza kunywa kwao. Pombe kidogo inamwagwa chini, wazee wake wanaambiwa kwamba amerudi. Akianza kunywa kwa watu, miguu yake haijui kwamba imefika. Itatembea mpaka imuue.”

Baba alicheka. Alikuwa mtu wa vitabu. “Gogo, miguu haina akili.”

“Ya kwako haina kweli,” alijibu Gogo, na watu wakacheka, na Baba naye akacheka. Lakini baada ya majuma mawili tulikuwa pale tena.

Sasa niseme jambo ambalo nililiona mwenyewe. Katika miaka ile tulikuwa tumehama nyumba sita mjini Johannesburg. Hillbrow, Berea, tena Hillbrow jengo jingine, hadi Doornfontein juu ya karakana ya washona viatu. Baba aliacha kazi ya ghala, akaacha ya udereva, akaacha ya ukarani. Hakuwa mvivu wala mlevi. Alikuwa hawezi tu kukaa. Alikula amesimama, sahani mkononi, akitazama dirishani. Mama aliacha kufungua maboksi. Vyombo vizuri alivyopewa na dada zake viliishi ndani ya magazeti mwaka hadi mwaka.

Ikafika siku moja ya Juni, baridi kavu, nyasi za kandokando ya barabara zimeungua nyeusi. Jioni iliyotangulia Baba alikuwa ametuambia kwamba ameona nyumba nyingine, nzuri zaidi, Kensington. Asubuhi Mama alijifunga mtandio, akaingia kwenye gari, akakaa mbele.

“Leo nakwenda na mimi,” alisema.

Sikumbuki kama walizungumza njiani. Uani kwa MaNkosi watu walisogea kumpisha yule mwanamke aliyejistiri. Gogo alimletea kiti na togwa lile lile la kitoto. Kata ikazunguka, ikamruka Baba. Mama aliona. Kizulu chake kilikuwa cha kuungaunga, cha sokoni, lakini kilimtosha.

“Bibi, mbona huyu humpi?”

Gogo alimweleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Mpaka anywe kwao. Mpaka kaka yake amfungulie mlango.

“Kaka yake si yuko Durban?” aliuliza Mama, kama Baba alivyomwambia siku zote.

Gogo alinyoosha mkono kuelekea maghala. “Yuko mtaa wa nne kutoka hapa. Katika nyumba ya mama yao. Hajapata kuhama.”

Mama alimgeukia Baba, akamwambia kwa Kiswahili, ili wengine wasielewe: “Miaka minane, Baba Mwanamvua?”

Baba alitazama viatu vyake. “Alimzika peke yake,” alisema. “Aliniandikia barua Morogoro, akasema nisikanyage pale kamwe. Nami nimemtii.”

Nilitegemea Mama agombe. Badala yake alimuuliza Gogo kama pombe ipo. Gogo aliingia ndani akatoka na ndoo yenye kifuniko, kana kwamba alikuwa ameiweka tayari tangu tulipoanza kwenda pale, labda ndivyo ilivyokuwa.

Baba aliibeba. Tulitembea mitaa minne, mimi katikati. Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, paa la bati, moshi unatoka kwenye bomba. Alipofika kwenye geti alisimama. Akasimama sana. Kisha akaiweka ndoo chini.

“Eish, hayupo,” alisema. “Twendeni.”

Moshi ulikuwa unatoka. Hata mimi niliuona.

Mama alichomeka ncha ya mtandio kiunoni, akainama, akaiinua ndoo ile ya pombe kwa mikono yake miwili. Povu lilimwagika kidogo likamlowesha kifua. Akasukuma geti kwa goti, akaenda hadi mlangoni, na kwa sababu mikono haikuwa na nafasi ya kubisha alipaza sauti kama tunavyofanya kwetu.

“Hodi!”

Sidhani kama neno hilo lilikuwa limewahi kusikika mlangoni pale. Alitoka mwanamume mrefu aliyevaa sweta lililotoboka viwiko, mwenye pua ya Baba. Alimtazama Mama, akatazama ndoo, akatutazama sisi getini.

“Wewe ndiye mke wa huko?”

“Ndimi, shemeji,” alisema Mama. “Mikono inaniuma. Nipokee.”

Sijui angefanya nini kama angeambiwa habari za msamaha, au undugu, au wazee. Lakini mgeni amesimama mlangoni kwako na mzigo mzito anasema mikono inamuuma. Mtu aliyelelewa hawezi kumwangalia tu. Aliipokea. Akageuka kuingia, na bila kutazama nyuma akasema, “Na yule naye aingie. Mlango unaingiza baridi.”

Ndani, kwenye pembe ya nyuma ya nyumba, baba mkubwa alipiga magoti, akamwaga pombe kidogo sakafuni, akaongea na mama yake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeripoti. Nilielewa maneno machache. Amerudi. Ana mtoto. Mke wake ni mrefu. Kisha akampa Baba kata. Baba alikunywa amekaa chini, ukutani, na hakumaliza. Kichwa kilimlalia begani, akasinzia, kisha akalala usingizi mzito, mdomo wazi, miguu imenyooka katikati ya chumba. Baba mkubwa alimruka alipokwenda kuongeza makaa. Hakuna aliyemwamsha mpaka jua likashuka.

Hawakuwa marafiki baada ya hapo, nisidanganye. Walikaa chumba kimoja wakisikiliza redio, na wakati mwingine saa nzima ilipita bila neno. Kensington hatukuhamia. Baba alifia palepale Doornfontein, miaka mingi baadaye, katika kazi moja na nyumba moja. Gogo alipata kusema: nilikwambieni. Mimi nimesoma, nalipwa kwa kutoamini mambo kama hayo, na bado sijapata maelezo bora kuliko ya kwake.

Mwaka jana nilimuuliza Mama lile lililonisumbua. Yeye hata siki huichungulia kwanza kama ina kileo, kabla ya kuitia kwenye kachumbari. Je, hakuogopa kubeba pombe?

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

“Niliogopa,” alisema. “Nilitubu njia nzima ya kurudi. Lakini nilikuwa nimechoka, Mwanamvua. Nimechoka kukaa na mtu ambaye hajafika.”

Akapeta ungo, makapi yakaruka, akaendelea kuchambua.