Gambuti Haikuwa na Makosa

Ndugu zangu wa majani chai, zamani nilikuwa mwanaume wa kilo nyingi na maringo kuzidi kilo. Nilikuwa nachuma majani mpaka shamba linaniogopa, halafu nakunywa chai yenye sukari ya kutosha harusi mbili. Na cheti cha ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, nilikuwa nacho ukutani. Nani angeniambia kitu?

Kisha miguu ikaanza kuvimba, wa kushoto zaidi. Ukibonyeza, shimo linabaki kama kwenye ugali. Mimi msomi nikaamua ni gambuti, kiatu changu cha mpira cha shambani, inabana. Nikaenda Sotik nikanunua saizi kumi na moja ya mguu wa kushoto, wa kulia nikauacha na saizi nane. Miezi mitatu nilizunguka shambani hivyo, nikijiona mjanja. Upumbavu wa aina hiyo haufundishwi, unazaliwa nao.

Mke wangu aliniambia, "Baba Chebet, huo si mguu, ni gogo. Twende hospitali."

Mimi badala yake nikaenda soko la Mulot, kwa bwana mmoja mwenye koti jeupe na wembe. "Ni damu chafu, mzee," akasema. "Ikitoka utacheza mpira." Akanichanja mguu wa kushoto mara kumi na mbili, akapaka unga mweusi. Yakatoka maji ya manjano, na mimi zuzu nikasema asante!

Siku ya tatu mguu ulikuwa mwekundu, moto wa kupika chapati. Harufu ilifukuza paka. Nikilala chali, pumzi inakatika. Mama Chebet hakuniuliza. Alinipakia kwenye pikapu ya maziwa, katikati ya mitungi, mpaka hospitali.

Daktari, msichana mdogo tu, akauliza, "Nani amekukata?"

"Mtaalamu."

"Wa nini, wa kuchinja? Sikiza, mzee. Mbali na mishipa ya damu, kuna mishipa ya limfu. Ni kama mitaro. Inakusanya maji yanayovuja kutoka kwenye damu, pamoja na mafuta ya chakula, inayarudisha kwenye damu. Moyo wako umechoka, sukari iko juu, uzito umezidi, mitaro imelemewa. Halafu ukaita mtu aikatekate! Ungechelewa kidogo, tungeukata huu mguu."

Nililia kama ndama. Nilichomwa sindano nyingi kuliko miiba ya Bureti nzima, na dawa ya kukojoa ikanitoa maji ya kujaza tenki. Leo natembea, nafunga bendeji, naosha mguu na kuupaka mafuta, chai nakunywa bila sukari. Haujarudi kama zamani, lakini ni wangu. Namshukuru Mungu, na Mama Chebet ambaye hakungoja ruhusa yangu.

Juzi nilipita Mulot. Yule bwana akaniona, akawaambia wateja: "Mnaona? Huyu nilimponya mimi!"

Nikapandisha suruali, nikawaonyesha makovu yote kumi na mawili. Mama mmoja kwenye foleni alikuwa amevimba miguu. Nikamwambia abonyeze. Shimo likabaki.

"Mama, toka hapa," nikasema. Tukaenda hospitali pamoja, yeye na mimi, polepole, kila mmoja na gogo lake.