Barua ya Ng'ombe

Leo nimegundua kwamba barua ya mapenzi niliyoitunza tangu miaka ya sabini inahusu ng'ombe.

Msicheke kwanza.

Mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa mpishi kwa Wazungu huko Spring Valley. Mimi nilibaki nyumbani Bungoma. Jumamosi alikuwa akienda gumbaru, ile shule ya watu wazima, mjini kujifunza Kiingereza, na siku moja akanitumia karatasi. Kiingereza kitupu!

Mimi Kiingereza sijui. Katekista wetu ndiye aliyenisomea: "Mume wako anasema anakukosa sana."

Nililia. Nikaiweka ndani ya Biblia.

Sasa leo, hapa Kinoo, mjukuu wangu ameiona. Akaisoma, akanitazama.

"Kukhu, hii si barua. Ni zoezi la darasani. Ona, vitenzi amevipigia mstari. Aliambiwa aandike aya kuhusu ng'ombe."

Ng'ombe! Yaani katekista alinidanganya miaka yote hii?

Nikamwambia, haya, nisomee hao ng'ombe.

"Tuna ng'ombe mmoja. Ni mwekundu. Anakula majani. Anatoa maziwa mengi. Kila asubuhi yeye anamwona mke wangu, na mimi simwoni."

Akanionyesha mstari wa mwisho kwa kidole.

"Hiyo ya mwisho mwalimu ameikata kwa kalamu nyekundu, Kukhu. Ameandika hapa kando kwamba haihusu ng'ombe."

Kumbe katekista hakunidanganya. Alisoma hiyo ya mwisho tu.

Kama kuna mwalimu humu, tafadhali amrudishie mzee wangu alama zake.